Miwani ya Nungwi, ndoo ya Izindabo

 

Jioni hii nataka tuzungumze habari za hofu ya majini. Namaanisha ile inayomshika mtu akiwa ndani ya maji, miguu haigusi chini, na kitu asichokijua kikampita ubavuni.

Nimeianza mada hii kwa sababu siku hizi watu wetu wa Shinyanga na Geita wanakwenda sana Unguja. Zamani Unguja tuliijua kwa taarabu na karafuu. Sasa mnunuzi wa dhahabu wa Katoro akipata mwezi mzuri, au akina mama wakivunja kikoba mwezi wa kumi na mbili, safari ni Nungwi na Mnemba. Wanarudi na picha wamevaa miwani mikubwa ya kuzamia, mrija umebanwa mdomoni, mashavu yamevimba. Na wanarudi na hadithi. Nimezisikia nyingi, na karibu zote zina mwendo mmoja. Mtu amelala kifudifudi juu ya maji, anatazama samaki wa rangi rangi, kesho na madeni yake kavisahau. Ghafla chini ya mwamba anachomoza mkunga, mdomo wazi, meno nje. Au mchanga unanyanyuka, kumbe ni taa, mpana kama mkeka, anaondoka zake. Au yavuyavu limemgusa paja na paja linawaka moto. Mtu hupiga ukelele ndani ya mrija, sauti yake mnaweza kuikisia, akameza maji ya chumvi, nahodha akamvuta mkono hadi kwenye mashua. Akirudi Kahama, wiki nzima hana habari nyingine.

Siwacheki. Moyo ukishtuka haungoji kuelezwa. Ila mkunga akifungua mdomo kwa kawaida hamtishi mtu, anapumua, anapitisha maji kwenye matamvua. Taa hulala mchangani akijificha, na mwiba wa mkiani ni wa kujihami. Ni kweli mwiba huo unaweza kuua. Septemba 2006 ulimchoma kifuani Steve Irwin, yule Mwaustralia aliyejulikana dunia nzima kwa kukamata mamba kwenye televisheni, akafa pale pale baharini Queensland wakati wakipiga picha za filamu. Miaka yote aliyocheza na mamba, akaja kuuawa na samaki bapa. Lakini ajali ya namna hiyo ni nadra mno. Hata papa ambao sinema zimetujaza hofu yao, kwa mwaka wa kawaida huua watu wasiofika kumi duniani kote. Na pale Mafia, kuanzia mwezi wa kumi hadi karibu na wa tatu, watu hulipa ili waogelee ubavuni mwa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote waliopo, ambaye chakula chake ni vijidudu vinavyoelea majini.

Kwa hiyo hofu ya Nungwi imelipiwa. Ina nahodha, ina boya, ina pweza wa kuchoma baada ya kutoka majini. Mtu ameingia baharini mara moja, saa nne za mchana, kwa hiari yake, na akichoka anatoka.

Kijana mmoja wa Geita aliniuliza kwa nini na sisi tusifanye biashara hiyo kwenye Ziwa Victoria. Ziwa tunalo, tena kubwa kuliko yote Afrika, samaki wapo, na vijana wasio na kazi wapo. Nikamwambia kwanza hutaona kitu, maana maji yetu mengi ni ya kijani na yana tope, si kama yale ya Kigoma au Mbamba Bay ambako Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa yanaonyesha mpaka chini. Furu wetu wa rangi walikuwa wa aina mamia, mpaka alipoletwa sangara miaka ya 1950 na 1960 akawamaliza wengi wao. Pili, nenda Rubondo kaulize. Rubondo iko mkoani Geita, ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, ina nzohe, ina tai, ina sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya miaka ya 1960. Fukwe zake ni nzuri, mchanga safi. Vua shati uingie majini uone askari wa hifadhi atakavyokukimbilia.

Atakukimbilia kwa sababu ya mamba na kiboko. Kuna mnyama wa tatu ambaye askari hawezi kumwona, naye amewadhuru watu wa kanda hii kuliko hao wawili wakijumlishwa: konokono. Yeye mwenyewe haumi. Anabeba vimelea vya kichocho, vinatoka kwake, vinaelea, vinapenya ngozi ya mtu aliyesimama majini dakika chache tu. Ziwani tunapata kile cha tumbo, na kwenye malambo yetu ya Shinyanga tunapata kile kinachomfanya mtoto akojoe damu. Tumekizoea kiasi kwamba kuna vijiji ambako mvulana kukojoa damu kulihesabiwa kuwa dalili ya kukua. Hakuna mgeni atakayesimulia amekutana na konokono wa kutisha. Mnyama wa kutisha kwenye hadithi lazima awe na meno, basi twende kwa mwenye meno.

Izindabo ni kijiji cha kata ya Lugata, Halmashauri ya Buchosa, wilaya ya Sengerema. Ni mkoa wa Mwanza kiutawala, lakini kwa watu wa Geita ni majirani wa mlango kwa mlango, mitumbwi inakwenda na kurudi. Miaka ya karibuni kijiji hiki kimetajwa kwenye magazeti na bungeni kwa jambo moja. Mamba wanakamata watu. Wanawakamata wanaochota maji, wanaofua, wanaooga, wanaovua. Waliopona wana vilema. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilipeleka askari wakasaka na kuua mamba, kisha ikajenga kizimba ziwani, uzio ulioingia majini ili watu wachote wakiwa ndani yake. Nitarudi kwenye kizimba hicho.

Mamba wa ziwa letu ni yule yule wa mto Naili. Dume mkubwa hupita mita nne, na wachache hufika tano. Macho, pua na masikio yake yamekaa juu ya kichwa, kwa hiyo mwili wote unazama na yeye bado anaona, ananusa, anasikia. Kwenye taya ana vidoa vidogo vyeusi ambavyo ukivitazama utadhani ni uchafu, kumbe ni viungo vya kuhisi. Maji yakitikiswa, hata usiku wa giza, vinamwambia ni upande gani. Kooni ana kizibo, ndiyo maana anafungua mdomo chini ya maji bila kuyameza. Misuli ya kufunga taya ina nguvu za ajabu, lakini ya kufungua ni dhaifu, wataalamu huyafunga kwa kamba au mpira tu yakatulia. Hawezi kutafuna. Hukamata, huvuta kwenye kina, kisha hujizungusha mpaka nyama ikatike.

Mimi meno hayo hayanitishi sana kuliko subira yake. Damu yake haihitaji kupashwa moto na chakula kama yetu, kwa hiyo anaweza kukaa wiki, hata miezi, bila kula. Muda anao. Akiona mahali fulani, saa fulani, kuna kinachokuja ukingoni, naye atakuwepo. Pale mto Mara anawangoja nyumbu kwenye vivuko vyao wanavyovitumia kila mwaka. Mwaloni anamngoja nani? Mama anayekuja saa kumi na mbili alfajiri na saa kumi na mbili jioni, kwenye jiwe lile lile, siku mia tatu na zaidi kwa mwaka, akainama na kutazama ndoo. Kwa mamba huyo hakuna tofauti ya nyumbu na mama. Wote wamefika ukingoni, wote wameinamisha kichwa.

Hapo ndipo hadithi ya Nungwi na hadithi ya Izindabo zinapoachana, na ndilo neno nililokuja nalo leo. Hatari ya mnyama wa majini haipimwi kwa ukali wake peke yake. Ipime pia kwa sababu iliyokupeleka kwenye maji na kwa mara ngapi unalazimika kurudi. Mtalii anakutana na mnyama, lakini mama wa mwaloni huviziwa. Ukimweka yule mama Nungwi akavaa miwani, ataogopa mkunga kama wengine wote na kucheka baadaye. Ukimweka mtalii Izindabo na ndoo mbili kila siku kwa miaka kumi, wala usiniulize.

Na mambo yamezidi kuwa magumu bila mamba kufanya jipya lolote. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na 2024 likajaa tena. Maji yakaingia mashambani na kwenye nyumba za mialoni, matete yakawa nyuma ya jiko la mtu. Yaliyokuwa maficho ya mamba mbali huko yakahamia uani. Ongezeni magugumaji, yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa kuna gugu jingine jipya linaloelea. Mnakumbuka jinsi vivuko vya Kigongo na Busisi vilivyohangaika nalo kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025. Mahali ambapo mama alikuwa akiona maji matupu, sasa anaona zulia la kijani, na chini ya zulia hajui kuna nini. Wakati huo huo watu wameongezeka. Machimbo yakipungua dhahabu Nyarugusu au Rwamgasa, vijana wanahamia kwenye dagaa. Dagaa wakiadimika, wanarudi kwenye duara la dhahabu. Kila mwalo una wageni wasiojua mamba wa hapo analala wapi.

Kiboko sitamtolea maelezo marefu. Mchana yuko majini, usiku anatembea kilomita kadhaa kula majani, na mpunga wako kwake ni majani. Ukikutana naye alfajiri, yeye anarudi ziwani na wewe umesimama kati yake na maji, hakuna mazungumzo. Wavuvi wanajua pia kwamba mtumbwi ukipita juu yake huinuliwa kwa mgongo. Basi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litaniletea simu nyingi. Kila mamba akichukua mtu, kabla matanga hayajaisha, kuna atakayenong'ona kwamba yule hakuwa mamba wa ziwa. Ni mamba wa mtu. Ametumwa. Wala si sisi Wasukuma peke yetu. Mwaka 1994 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapa makala kuhusu majeruhi wa mamba wilayani Korogwe, kando ya mto Pangani, na imani za watu wa kule zilikuwa hizo hizo. Januari 2025 jirani zetu wa Simiyu walikuwa wamechoshwa na fisi wanaobeba watoto. Askari walipowaua baadhi, vyombo vya habari viliripoti kwamba kuna fisi waliokutwa na alama mwilini, na mjadala wa nchi nzima ukahama kutoka kwa watoto ukaenda kwa wenye fisi.

Naelewa imani hiyo inafanya kazi gani. Mtoto wako amechukuliwa na mnyama asiyekujua, kwa sababu tu alikwenda kuoga saa hiyo na si saa nyingine. Maelezo hayo hayavumiliki. Afadhali kuwe na adui mwenye jina. Lakini sisi wa kanda hii tunajua jina hilo huangukia kwa nani. Linaangukia kwa bibi kizee anayeishi peke yake, macho yake mekundu. Macho hayo yamepikwa na moshi wa kuni na samadi miaka hamsini, na kwa macho hayo vikongwe wengi wa Shinyanga na Geita wamekatwa mapanga. Tumepata sifa mbaya dunia nzima kwa hilo, na tulistahili kuipata. Mamba akiua mmoja na mnong'ono ukaua wa pili, mamba hahusiki na yule wa pili. Na kuna faida nyingine kwa wasiotaka kuulizwa. Ikiwa mamba ametumwa, hakuna haja ya mtu yeyote wa ofisini kueleza kwa nini kijiji kizima kinachota maji kwa ndoo kwenye ziwa lenye mamba.

Sheria inasema nini? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na kanuni zilizofuata mwaka 2011 zinatambua kwamba mamba na kiboko ni miongoni mwa wanyama ambao serikali itawalipia kifuta machozi wakiua mtu. Kwa kanuni hizo za 2011 kiwango kwa kifo kilikuwa shilingi milioni moja. Serikali haikuiita fidia, na wabunge wamelalamika miaka nenda rudi kwamba ni kidogo na inachelewa. Mimi naipima kwa mizani tunayoijua huku. Kwa bei ya dhahabu ya sasa, milioni moja haifiki gramu tano. 

Mara nyingi kijiji hakitaki pesa, kinataka mamba auawe. Wenzetu wa Uganda walikuwa na mmoja kijiji cha Luganga, upande ule wa kaskazini wa ziwa hili hili, wakampa jina la Osama. Alikuwa na urefu wa karibu mita tano, na wanakijiji walimhesabia vifo zaidi ya themanini kwa miaka mingi. Alinaswa 2005 akiwa hai na kupelekwa kwenye shamba la mamba la Buwama. Burundi kuna yule waliyemwita Gustave, kwenye mto Rusizi na Ziwa Tanganyika. Mfaransa mmoja, Patrice Faye, alimtega kwa kizimba cha chuma, filamu ikatengenezwa, na mamba hakuingia. Mamba aliyezoea watu anastahili kuondolewa, sina ubishi. Lakini jiwe lile la kuchotea maji likibaki na mama akibaki, nafasi ile itajazwa na mamba mwingine. Ni mahali pazuri pa kuwindia, na mamba wadogo wanakua.

Kuna mwanamke mmoja ambaye nimemfikiria sana nikiandaa mazungumzo haya. Aliitwa Val Plumwood, mwanafalsafa wa Australia. Februari 1985 alikuwa peke yake kwenye mtumbwi mdogo katika hifadhi ya Kakadu, mvua inanyesha, mamba akaanza kuugonga mtumbwi. Akajaribu kurukia mti ulioinamia maji. Mamba akamdaka katikati ya miguu, akamzungusha majini mara tatu. Mara tatu akapumua. Akaponyoka, akapanda ukingo wa tope kwa kucha, akatambaa saa nyingi akivuja damu mpaka askari wa hifadhi walipomkuta. Waliposema wataenda kumuua yule mamba, akakataa. Alisema yeye ndiye aliyeingia kwenye makazi ya mnyama, na baadaye akaandika namna ilivyo kwa binadamu kugundua kwamba naye ni nyama kwa mwingine.

Nampa heshima zote mama yule, marehemu sasa. Ila nikimsoma nikiwa Shinyanga naona pana mwanya. Ana haki ya kumsamehe mamba mtu aliyekwenda kwake kwa hiari, na ambaye akipona halazimiki kurudi. Huwezi kumwomba mama wa Izindabo msamaha wa namna hiyo. Yeye hakuingia kwenye makazi ya mnyama kutalii. Alifuata maji ya ugali.

Turudi kwenye kizimba. Wazo hilo si letu peke yetu. Sri Lanka, kwenye mto Nilwala, watu wamekuwa wakizungushia mahali pa kuogea kwa nguzo na nyavu za chuma ili mamba wasipite. Ni kitu cha akili na bei yake si kubwa. Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba Buchosa na kwingineko ziwani serikali imehimiza watu wafuge samaki kwenye vizimba na kuwakopesha mitaji. Kwa hiyo kwenye ziwa moja sato yuko ndani ya kizimba na mama yuko ndani ya kizimba, anayetembea huru ni mamba. Kizimba kinahitaji kukaguliwa pia. Chuma kinaoza, maji yakipanda yanapita juu ya uzio, yakishuka yanauacha nchi kavu. Na kizimba kimoja ni cha mwalo mmoja. Pwani ya Geita, Chato, Sengerema na Buchosa ina mialo usiyoweza kuihesabu kwa vidole vya kijiji kizima.

Mpaka hapo natumaini kuna msikilizaji ameshajiuliza swali. Hivi maji ninayokunywa mimi hapa Shinyanga yanatoka wapi?

Yanatoka ziwani. Yanavutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanasafishwa, yanasukumwa hadi kwenye tangi mlimani, kisha yanateremka kuja Shinyanga na Kahama. Mradi ulizinduliwa 2009, na mabomba yamezidi kwenda mbele mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Tulibishana na Misri kwa ajili ya maji hayo. Kulikuwa na mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri uliotaka Cairo iombwe ruhusa kabla ya kugusa maji ya ziwa, na Nyerere alikataa mapema tu baada ya uhuru kufungwa na makaratasi ya mkoloni. Karne hii tulipoanza kuchimba mitaro ya mabomba, Misri ikalalamika, sisi tukaendelea kuchimba. Najivunia jambo hilo. Nilipofungua bomba asubuhi hii kuosha uso, hakuna kilichoninyemelea.

Migodi nayo ina mabomba yake. Bulyanhulu ilivuta maji kutoka ziwani tangu ulipojengwa mgodi. Mgodi mkubwa wa Geita unavuta kutoka ghuba ya Nungwe, Nungwe hii ya kwetu, msije mkaichanganya na ile ya miwani. Maji yanapanda vilima kwenda kuosha mawe.

Sasa chukueni ramani. Lita za ziwa zinasafiri zaidi ya kilomita mia mbili kwenda Tabora, ndani ya chuma, salama. Nyingine zinakwenda kwenye mitambo ya dhahabu. Na mwanamke anayeishi mita hamsini kutoka ziwa hilo hilo anayafuata kwa miguu akiwa na ndoo, akiangalia kama kuna macho mawili yanaelea. Aliye mbali na maji alijengewa bomba kwa sababu kila mtu aliona hana maji. Aliye kando ya maji hakuna aliyemwona, kwani maji si yale pale?

Nisiwaonee watendaji. Tangu 2019 kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, na wamepeleka mabomba kwenye vijiji vingi vya kanda ya ziwa, baadhi yake vya mwambao. Na hata bomba likifika, mvuvi wa dagaa atabaki na ziwa lake, na wavuta kokoro, ambao sheria inawakataza na njaa inawatuma, wataendelea kusimama majini mpaka kifuani. Mamba hatamalizwa na bomba, wala sitaki amalizwe. Ninachosema ni kwamba mtu anayechota, anayefua na anayeogesha watoto aondolewe kwenye orodha ya wale ambao mamba anaijua ratiba yao. Hao huwezi kuwafundisha tahadhari yoyote itakayodumu miaka arobaini ya ndoo mbili kwa siku.

Kwa wakati huu, wakati bomba linasubiriwa, wale mlioko mialoni mnayajua haya kuliko mimi, lakini nayarudia kwa wageni wa machimbo. Msichote sehemu moja kila siku wala saa moja kila siku. Fungeni ndoo kwenye mti mrefu au kamba, msishuke majini. Matumbo ya samaki msiyatupe pale pale mnapochotea maji. Giza likianza kuingia, watoto watoke ziwani. Na mkiona mamba mahali papya, ripotini kwa mtendaji wa kijiji apeleke taarifa TAWA, kabla ya mtu kuumia.

Na kwa waheshimiwa madiwani wa mwambao wanaonisikia, nina swali moja la mita. Kwenye kata yako, kutoka bomba lililo karibu hadi kila mwalo, ni umbali gani, na kila mwalo umeandikwa kwenye bajeti ya mwaka upi? Wananchi, baraza la madiwani hukaa kila robo ya mwaka, na sheria inawaruhusu kuingia, kukaa nyuma na kusikiliza majibu.